Msaada wa Masomo: Sadaka au Haki?
Mwaka 1961, mjini New York, Antonia Pantoja, mzaliwa wa Puerto Rico, na wenzake walianzisha chama cha ASPIRA, ili vijana wa asili yao waongozwe tangu shuleni hata kufika chuo kikuu. Je, msaada wa namna hiyo ni sadaka tu? Sisi twasema sivyo. Wengi wa wazazi wao walishona nguo viwandani na kutumika mahotelini. Jasho lao liliujenga mji. Mtoto wao asaidiwapo karo na mashauri, hapewi makombo, bali fungu lake. Lakini haki huandamana na wajibu: aliyeshikwa mkono jana, leo amshike mwenzake. Elimu isiyowarudia jamaa ni taa iliyofunikwa chungu.