Ujira wa Mwanagenzi

Liko swali moja litusumbualo katika mitaa yetu ya Kawe, wala si swali la mafundi peke yao. Je, fundi amchukuaye kijana ili amfundishe kazi, yampasa kumfundisha yote ayajuayo, hata yale yatakayomwezesha kijana huyo kumwacha na kufungua kazi yake mwenyewe ng'ambo ya barabara? Wengi hujibu upesi, ama ndiyo ama sivyo. Sisi twaona yafaa tulifikiri polepole, maana ndani yake imo miaka ya ujana wa watu, na miaka hiyo ikipita hairudi.

Kwanza na tuangalie mambo yalivyo. Kawe ilijulikana zamani kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers. Kampuni ile iliundwa mwaka 1947 kwa ubia wa serikali ya Tanganyika na kampuni ya Liebig, na kazi yake ilikuwa kuchinja ng'ombe waliotoka bara na kutia nyama makoponi. Katika miaka ya 1990 kiwanda kilifungwa. Jina limebaki, na uwanja wake watu wameutumia kwa mikutano mikubwa ya injili. Hapo twajifunza neno moja: chuma hubaki mahali pake kikashika kutu, bali ujuzi hukaa mikononi mwa mtu, huenda naye aendako, naye asipomwachia mwenzake, huzikwa pamoja naye.

Siku hizi vijana wengi hawajifunzi kazi katika viwanda vikubwa. Hujifunza gerejini, kwa maseremala, kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa mafundi cherehani na katika saluni. Mara nyingi hakuna karatasi. Mzazi humleta mwanawe na kusema, "Fundi, huyu ni mwanao, mfundishe kazi." Fundi hujibu, "Haya, mwache." Mapatano ni hayo tu. Kijana hupewa nauli na chakula cha mchana, na siku nyingine hapewi kitu. Hufagia, huosha vyuma, hushika taa, hubeba mizigo, wala hanung'uniki, kwa kuwa anatumaini kujua.

Lakini katika kila kazi liko fungu ambalo mafundi wengine hulificha. Kwa fundi cherehani ni kukata kitambaa: binti atashona vifungo na kupinda pindo mwaka mzima, lakini mkasi haupati. Gerejini ni kutambua ugonjwa wa gari: kijana huambiwa fungua hapa, kaza pale, bila kuambiwa kwa nini. Kwa seremala ni kukadiria mbao na bei: mteja ajapo kupatana, kijana hutumwa dukani kununua soda.

Fundi ukimwuliza, atatoa sababu mbili, nazo si za kipuuzi. Ya kwanza atasema, "Ujuzi huu ni mali yangu, niliupata kwa jasho, wala hakuna aliyenipa bure." Ya pili atasema, "Nikimwonyesha yote, kesho ataondoka na wateja wangu, na watoto wangu watalala njaa." Mwenye kumcheka fundi huyu hajawahi kulipa kodi ya fremu.

Basi tujibu nini? Twasema hivi: ni kweli ujuzi ni mali ya fundi, wala hakuna amlazimishaye kumchukua mwanafunzi. Lakini akiisha kumchukua, ameingia katika mapatano. Kijana ametoa nguvu zake kwa posho ndogo, mahali ambapo mtu mzima angalidai mshahara kamili. Ile tofauti kati ya posho na mshahara imekwenda wapi? Imebaki mfukoni mwa fundi, na badala yake kijana ameahidiwa ujuzi. Kumbe ujuzi si zawadi ambayo fundi aweza kuitoa au kuizuia kama apendavyo. Ndio ujira wenyewe. Mwenye kuuficha halindi mali yake. Anazuia mshahara wa mtu aliyekwisha kufanya kazi. Na mwenye kibarua akinyimwa ujira wake, sote twajua jina la tendo hilo: ni dhuluma.

Na dhuluma hii yaumiza kwa sababu haionekani upesi. Mamlaka ya ufundi stadi, yaani VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima hata mafundi waliojifunza kazini pasipo kupita chuoni, na kuwapa vyeti wafaulu. Mtu aliyefichwa nusu ya kazi atasimama mbele ya mpimaji akiwa na mikono yenye sugu, na asijue la kujibu. Atajiona mjinga, kumbe si mjinga, amenyimwa.

Hata hivyo, tusichanganye kuchelewesha na kuficha. Fundi mwema hamkabidhi mgeni wa kazi breki za gari litakalobeba watu. Hilo si choyo, ni uangalifu. Utazitambuaje hali hizi mbili? Anayechelewesha aweza kumwambia kijana, "Ukiweza hili, nitakuonyesha lile." Anayeficha hana siku ya kutaja.

Mwanagenzi naye ana deni. Amalize muda waliopatana. Asinakili kwa siri namba za simu za wateja, wala asiwanong'oneze kwamba yeye atawafanyia kwa bei ndogo. Akifungua kazi yake, aitangaze waziwazi, na watu wachague wenyewe. Ujuzi aliulipia kwa nguvu zake, lakini wateja hakuwalipia.

Tena liko fundisho litolewalo bila maneno. Kijana amwonapo fundi akifunga kifaa kikuukuu na kumtoza mteja bei ya kipya, hayo nayo ni mafunzo, na huyashika upesi kuliko yote. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Fundi aliyemfundisha kijana kumwibia mteja, asistaajabu siku vyuma vyake vitakapopotea.

Wazee wa pwani walikuwa na desturi njema. Mwanagenzi alipohitimu, alimpa fundi wake kilemba, yaani tunu ya heshima na shukrani. Twaona faida mbili ndani yake: fundi hakuachwa mikono mitupu, na kujifunza kulikuwa na mwisho uliojulikana. Leo wengi hawajui wamehitimu lini, hata miaka sita hupita na bado waitwa saidia fundi.

Kwa hiyo twawashauri wazazi na mafundi wafanye mapatano mbele ya mashahidi wawili, hata wazee wa usharika wafaa, na kuyaandika: muda ni miaka mingapi, posho ni kiasi gani, yapi yatafundishwa mwaka wa kwanza na yapi wa pili, na kilemba kitakuwa nini. Fundi aogopaye kukimbiwa aandike pia miezi ambayo kijana, akiisha kuhitimu, atamfanyia kazi kwa mshahara kamili. Wazazi wakumbuke ya kuwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asitiwe katika kazi za hatari.

Nanyi mafundi, ndugu zetu, mwitapo vijana hao "wanangu", neno hilo lina uzito. Leo jioni, kabla ya kufunga kazi, mwulize kijana wako ni jambo gani alitamanilo kujua na hajaonyeshwa. Kisha mtajie siku.