Je, Shida Hujenga?

Msomaji mpenzi, bila shaka umekwisha kuambiwa kwamba shida humjenga mtu. Huambiwa yatima, huambiwa mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na pengine huambiwa mtoto aliyechapwa pasipo kosa. Je, neno hilo ni kweli, au ni kitambaa cha kufunikia jeraha? Natulipime kwa ushahidi wa kitu kisichojua kusema uongo, yaani sumaku.

Uko mchanganyiko wa manganizi na silikoni ambao atomi zake zimepangwa kwa mkunjo wa upande mmoja, kama gamba la konokono, lisilolingana na sura yake katika kioo. Kila atomi ya manganizi ni mfano wa sumaku ndogo. Katika joto la kawaida sumaku hizo huelekea huku na huko bila mpango. Mchanganyiko ukipoozwa kupita nyuzi 244 chini ya sifuri, hushikana na kujipanga kwa kuzunguka, mithili ya ngazi ya mnara. Ukitiwa nguvu nyingi ya sumaku kutoka nje, zote huelekea upande mmoja.

Mwaka 2009 wataalamu nchini Ujerumani waliupima mchanganyiko huo kwa miali ya nyutroni, wakatambua mpango mwingine. Nguvu ya nje ikiwa ya kadiri, si haba wala si nyingi, sumaku hizo hujikunja zikawa visulisuli vilivyopangika kama vyumba vya sega la asali. Ni vidogo mno: hata makumi kadhaa vikisimama bega kwa bega havijazi sehemu moja ya elfu ya milimita. Huitwa skirmioni, kwa jina la Tony Skyrme, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwaza mafundo ya namna hiyo alipokuwa akichunguza kiini cha atomi.

Ajabu ni mahali visulisuli hivyo vinapokaa. Mtu angedhani kwamba utaratibu mzuri kiasi hicho hutaka baridi kali na utulivu mkubwa. Sivyo. Hukaa katika ukanda mwembamba wa nyuzi chache tu, ukingoni mwa joto livunjalo utaratibu wote. Mitetemo ya joto, ambayo tungeiita adui, ndiyo inayovitegemeza. Ukiupooza mchanganyiko zaidi, polepole, visulisuli hutoweka. Ukiupasha zaidi, mpango wote huvurugika. Na katika mageuzi hayo yote hakuna atomi hata moja iliyobadilishwa. Zilizobadilika ni hali zilizozizunguka.

Basi wasemao kwamba shida hujenga wana sehemu ya kweli. Yako mema yasiyochipuka katika raha tupu. Lakini ukanda ule ni mwembamba. Msukosuko ujengao ukizidi kidogo hubomoa, na aliyebomoka si lazima awe dhaifu kuliko aliyesimama; yamkini joto lake lilipita kiasi. Usiwe mwepesi kumhukumu mwenzako kwa hali moja uliyomkuta nayo.

Tena, msomaji, kumbuka kwamba mfano una mpaka wake. Jiwe halilii, wala halidai haki. Mwenye kulipasha hahitaji kuliomba radhi. Mwanadamu si hivyo. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Hawakunena kwamba tupeane dhiki ili tufarijike.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aliyepatwa na shida akaivuka, ana haki ya kusema, “Imenijenga,” nasi tumheshimu kwa neno hilo. Lakini aliyemtia mwenziwe shida hana ruhusa ya kulisema. Neno ni moja. Katika kinywa cha kwanza ni ushujaa, na katika kinywa cha pili ni dhuluma.