HEKIMA YA WATU NA JIWE LA SHINKOLOBWE



Fungueni Biblia zenu katika Yeremia 9:23-24. Pale Bwana anakataza majivuno ya watu wa namna tatu: mwenye hekima, mwenye nguvu na tajiri. Watatu hao msiwatafute mbali. Walikutana hapa kwetu, Shinkolobwe.

Wazee wanakumbuka wakati mji wetu ulipoitwa Jadotville. Mwaka 1915 jiwe la urani lilivumbuliwa Shinkolobwe. Kwanza walitoa ndani yake radiumu ya kutibu wagonjwa, na dawa si dhambi. Lakini wenye hekima walipojua nguvu iliyofichwa ndani ya jiwe, wenye nguvu wakaitamani. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Bwana Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za jiwe letu. Baba zetu walilichimba na kulichagua kwa mikono, wala hawakujua ni la kazi gani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka pale. Kabla mwaka ule haujaisha, watu wapata 140,000 wa mji huo walikuwa wamekufa, na watoto wachanga pia.

Mmoja wa wakubwa wa kazi ile, Robert Oppenheimer, mwaka 1947 alikiri mbele ya watu kwamba wataalamu wenzake sasa wameijua dhambi. Hakuna mchungaji aliyemlazimisha kusema hivyo.

Sisemi kwamba shule ni mbaya. Musa alifundishwa elimu ya Wamisri (Matendo 7:22), na Paulo alikuwa mwanafunzi wa Gamalieli. Pelekeni watoto shuleni, hata kama minervali ni nzito. Kosa ni pale mtu anapoona akili yake imemtosha, haulizi tena Mungu wala mwenzake. Babeli alipotea kwa njia hiyo (Isaya 47:10). Na wewe unayesema, "Mimi sikusoma, kwa hiyo niko karibu na Mungu," majivuno yako ni yale yale.

Sasa nirudi ndani ya nyumba yetu. Tulipotaka kununua parseli ya kujenga kanisa, tuliketi wanaume sita, wote wenye diploma. Karatasi zilikuwa na mihuri. Mama mmoja mjane, muuza makala, asiyejua kusoma, akasimama: "Papa Mchungaji, tuombe kwanza siku tatu, halafu tuulize majirani wa zamani wa pale." Tulicheka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Tukalipa. Miezi miwili baadaye mwenye parseli wa kweli alifika pamoja na wajukuu wake, na majirani wote walimjua. Sadaka za miaka mitatu zikapotea, na ndani yake franga za makala za mama huyo.

Katika 1 Wakorinto 1:26 Mtume Paulo anawakumbusha waamini kwamba si wengi wao walioitwa wakiwa na hekima ya dunia. Mstari huo nimeuhubiri mara nyingi, nikidhani unahusu watu wengine.

Mama, nilikuja nyumbani kwako kuomba msamaha, ukanipa kiti na maji. Lakini tulikucheka mbele ya watu, basi msamaha nao uombwe mbele ya watu. Jumapili ijayo, kabla ya mahubiri, sisi sita tutasimama mbele. Karatasi za parseli nyingine ziko mezani. Hakuna atakayetia saini mpaka uwe umetuongoza siku tatu za maombi, na majirani wa pale wawe wameulizwa.