Vioo 91, Nyota Moja

Andiko: Mathayo 5:23-24, 1 Wakorintho 12:12-27

 

Majuzi kijana wangu anayesoma fizikia chuoni alinionyesha kwenye simu picha ya darubini iliyoko karibu na mji mdogo wa Sutherland, Afrika Kusini. Inaitwa SALT. Ilizinduliwa mwaka wa 2005, na ni kati ya darubini kubwa kabisa duniani. Wameijenga juu mlimani, takriban mita 1,800, mahali penye giza totoro. Jioni kuba lake hufunguliwa, taa zote zikazimwa, ikaanza kuangalia nyota.

Mimi nilidhani nitaona bomba refu. Kumbe moyo wa darubini hiyo ni kioo, upana wake karibu mita 11. Na kioo chenyewe si kimoja! Ni vipande 91, kila kimoja na pembe sita, vimepangwa kama sega la nyuki.

Nikamuuliza, "Si wangetengeneza kimoja tu?"

Akasema, "Baba, kimoja cha ukubwa huo ni kizito na kigumu sana kutengeneza. Afadhali vingi vidogo. Lakini sasa kazi ni kuvifanya viwe kimoja."

Hebu sikia kazi yenyewe. Joto likipanda au baridi ikishuka, chuma kinachobeba vioo hujikunja kidogo, na vioo vinasogea. Kusogea kwenyewe hata hakufiki upana wa unywele. Lakini kioo kikisogea, kinaitupa nyota pembeni. Vioo vyote visipolingana, nyota moja inaonekana kama nyota 91!

Basi wanafanyaje? Kando ya darubini kuna mnara. Darubini huzungushwa ielekee mnara huo, na mwanga hutumwa kutoka juu yake hadi kwa kila kioo. Kila kioo kinatakiwa kuurudisha pale pale ulipotoka. Kinachokosea kinasukumwa polepole na mota ndogo zilizo nyuma yake, mpaka kikae sawa. Na hawafanyi mara moja wakamaliza. Wanarudia, tena na tena.

Kijana akaongeza neno moja: "Baba, kioo kilichosogea hakijavunjika. Bado kinang'aa vizuri tu."

Wapendwa, usiku huo sikulala.

Miaka miwili nilikuwa sisemi na mdogo wangu kwa sababu ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Na miaka hiyo yote nilisimama madhabahuni nikihubiri upendo, nanyi mkaitika amina. Nilikuwa nang'aa! Lakini nilikuwa nimesogea. Yesu anasema ukikumbuka pale madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno nawe, acha sadaka hapo, uende mkapatane kwanza. Hakusema ungoje yeye aje.

Alhamisi nikampigia simu. Akaitika, "Naam, Mchungaji." Hakuniita kaka. Ilinichoma. Nikamwambia, "Nimekukosea. Nisamehe." Akanyamaza, nikafikiri simu imekatika. Kisha akasema, "Kaka, njoo Jumamosi. Njoo na mama watoto."

Sitawadanganya: mpaka bado haujapimwa. Lakini tulikula pamoja, tukaomba pamoja.

Kanisa letu lina vioo vingi. Kuna mama na mwimbaji mwenzake hawasalimiani. Kuna wazee wawili wanaopitia milango tofauti. Usimpime ndugu yako kwa jicho lako. Geukia kwanza mwanga wa Kristo, wewe mwenyewe, ukubali kusukumwa. Jirani zetu wanatafuta Nyota moja. Tusiwaonyeshe 91.

Kabla ya Jumapili ijayo, piga simu moja. Unaijua ni ipi.

Tuombe: Bwana Yesu, nimesogea. Nirudishe mahali pangu. Amina.