Majira na Haki ya Mavuno

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa ardhi huzunguka jua hali imeinama kadiri ya nyuzi 23 na nusu, kwa amri ya Mola. Kwa mwinamo huo jua huelekea kusini, na mvua hulifuata. Ndipo Mamba ya Katavi hupata masika tokea Novemba hatta Aprili, kisha kiangazi. Basi mkulima asiseme, "Nimevuna kwa jembe langu tu." Mahindi na mpunga ulionyweshwa na mvua, ukitimia nisabu, zaka yake ni fungu 1 katika 10, uliomwagiliwa kwa gharama, 1 katika 20. Mvua hakuinunua mtu. Mwenye kuzuia haki ya maskini amezuia kisicho chake.

Wallahu aalamu.