Simba Hahojiwi

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani, si mara moja, tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Kutazama tumeamrishwa, lakini tutazame nini? Swali hili lilinijia likizo iliyopita, familia yetu ilipovuka mpaka kwa basi kwenda Nairobi na Baba akatupeleka Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Ni mahali pazuri, sikatai. Kuna kichwa cha treni ya moshi namba 5918, kiitwacho Mount Gelai, kilichotengenezwa Manchester miaka ya 1950. Uzito wake ni takriban tani 250, na aina yake ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kupita juu ya reli ya upana wa mita moja. Boila lake limebebwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, ndiyo maana joka zima lile liliweza kupinda kona za milimani. Mdogo wangu alipanda hadi chumba cha dereva akakataa kushuka. Akili iliyobuni chombo kama kile ni neema, na kuifurahia si dhambi.

Lakini kinachowavuta watu zaidi ni behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alimvizia simba pale Kima mwaka 1900, akapitiwa na usingizi, simba akaingia na kumburuta. Hapo kila mtu hutaka picha. Kisha mazungumzo huhamia kwa simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898.

Sasa tupige hesabu. Kujenga reli ile kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. (Iliitwa Reli ya Uganda, ingawa Kampala iliiona 1931!) Walikufa karibu 2,500, na zaidi ya 6,000 walirudishwa makwao wagonjwa au vilema. Simba wa Tsavo waliua wangapi? Patterson, aliyewapiga risasi, alikuja kudai 135. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikadiria 35 hivi. Shika idadi uipendayo: bado zaidi ya elfu mbili hawakuliwa na simba. Wengi wao walimalizwa na maradhi. Ama Waafrika walioliwa, Patterson mwenyewe aliandika kwamba hesabu yao rasmi haikuwekwa.

Kwa nini basi tunamsimulia simba? Naona ni kwa sababu simba hahojiwi. Si mukallaf, hana kitabu cha amali, na aliyeuawa naye hana wa kumdai. Kibarua aliyekufa kwa kuhara damu kambini anaye wa kumdai: yupo aliyemwandikisha, yupo aliyepanga maji na dawa, ipo serikali iliyokuwa na haraka. Kisa cha simba kinatuburudisha, na papo hapo kinalifunga faili.

Baba hakukubaliana nami. "Mwanangu," alisema, "babu yako alisafirisha mizigo kwa treni hiyo, na ada yako ya shule ilianzia hapo." Ni kweli kabisa. Ila mimi naona manufaa hayo yanaongeza deni, hayalifuti.

Mtume (S.A.W.) alipopita al-Hijr, maskani ya Thamud, akielekea Tabuk, aliwakataza Maswahaba kuingia ila wakiwa wanalia. Utaniambia pale iliteremka adhabu kwa madhalimu, na vibarua hawa walikuwa wanyonge. Sawa, hukumu si moja. Lakini adabu ya macho tunaipata hapo: pana mahali mtu haingii kwa kamera tu.

Wengi wa vibarua wale waliandikishwa Punjab, na Waislamu kati yao hawakuwa wachache. Katika hadithi sahihi, anayekufa kwa maradhi ya tumbo ametajwa pamoja na mashahidi. Jina la Ryall tunalijua sote, na behewa lake limehifadhiwa. Hao tunaowatarajia daraja ya shahada, nani kati yetu anaweza kumtaja hata mmoja, au kuonyesha alipozikwa ili tumwombee?