Kabla ya Kuuza Shamba, Pigeni Magoti Wawili



Huku kwetu Bungoma, jambo linalotikisa nyumba nyingi ni shamba. Mume na mke wana ekari mbili walizonunua kwa jasho lao. Watoto wanaongezeka, na pesa za miwa zinachelewa. Mume anasikia kwamba upande wa Kitale kuna shamba kubwa zaidi, linalozaa mahindi mazuri. Anasali novena, na siku ya tisa anamwambia mkewe: "Mungu amenionyesha. Tunauza." Mke naye amesali, lakini moyo wake hauna amani. Je, Mungu amesema na nani?

Tutazame Maandiko. Katika Mwanzo sura ya 13, Lutu aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lina maji tele, akalichagua. Hatusomi kwamba alimwuliza Mungu. Udongo ulikuwa mzuri, lakini majirani walikuwa watu wa Sodoma. Mwishowe alikimbia bila mali, na mkewe akaangamia njiani.

Tobia na Sara walifanya vingine. Usiku wa arusi yao, wakiwa na hofu ya kifo, waliamka wakasali pamoja (Tobiti 8). Hakusali mmoja kisha akamtangazia mwenzake jibu.

Ninyi mliofunga ndoa ni mwili mmoja. Roho Mtakatifu hamwongozi mume kwa kumkanyaga mke. Wasiwasi wa mke si lazima uwe upungufu wa imani. Huenda Mungu anautumia kuwaonya. Mke naye asikatae kwa sababu tu amezoea alipo. Aeleze hofu yake waziwazi, na mume asikilize hadi mwisho.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, salini pamoja, tena bila kumletea Mungu uamuzi uliokwisha kukatwa ili aubariki tu.

Pili, tumieni akili aliyowapa. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14). Nendeni Kitale wote wawili. Lioneni shamba, ulizeni majirani, kaangalieni hati katika ofisi ya ardhi. Maji, shule na kanisa viko umbali gani? Hati bandia haigeuki kuwa ya kweli kwa kuombewa.

Tatu, subirini. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alianza kujifunza kupambanua roho alipokuwa akiuguza mguu uliovunjwa vitani mwaka wa 1521. Alifundisha kwamba moyo ukiwa gizani, tusigeuze uamuzi tuliouweka wakati wa utulivu. Kwa hiyo msiuze kwa hasira, wala kwa sababu mmegombana na ndugu.

Nne, ombeni ushauri kwa paroko au kwa wazee waaminifu wa jumuiya yenu.

Hata serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa, ya mwaka wa 2013, haimruhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Ikiwa sheria inamwuliza mke, je, mume Mkristo amnyamazishe?

Mkiisha kufanya haya na nyote wawili mkapata amani, nendeni bila woga. Mmoja akibaki na uzito moyoni, ngojeni. Shamba likiwapita, jingine litapatikana. Leo jioni, watoto wakilala, zimeni redio, mshikane mikono, mwanze kusali.